Namna ya kufukua maisha ya wakili wa Ireland aliyekuwa mgonjwa wa stempu na shabaha

Haya, tuseme umeangukiwa na albamu ya zamani ya stempu, ndani ya jalada kuna jina la mtu na chini yake pameandikwa "solicitor, Dublin", halafu katikati ya kurasa kimechomekwa kikaratasi cha alama za kulenga shabaha, na sasa unataka kujua huyu bwana alikuwa nani hasa. Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia nyaraka za mahakama, si alikuwa wakili bwana, basi mahakama itakuwa inamjua. Mi nakwambia anza kule alikokuwa anamalizia Jumamosi zake, maana kazi yake ndo iliyoungua, starehe zake hazikuungua.

Kuungua kwenyewe sio maneno ya mdomoni tu. Tarehe 30 Juni 1922, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa imeanza tu, hifadhi ya nyaraka za umma pale Four Courts, majengo ya mahakama kuu Dublin, ililipuka na kuteketea, zikaondoka kumbukumbu za mahakama za karne na karne, wosia, na sensa za 1821 mpaka 1851 zikabaki vipande vipande. Sensa za 1861 mpaka 1891 usizitafute kabisa, na wala usiusingizie moto, hizo serikali yenyewe iliziharibu mapema. Kwa hiyo sensa mbili za kabla ya 1922 utakazozikuta nzima ni ya 1901 na ya 1911, zote bure mtandaoni kwenye National Archives of Ireland, na ukifungua usiishie kwenye jina na umri, fungua na ile fomu ya nyumba, inakuambia vyumba, madirisha ya mbele, kama kuna banda la farasi, na wafanyakazi wa ndani utawaona wameorodheshwa na familia. Hapo unajua kama wakili wako alikuwa na hela ya kununua stempu adimu au alikuwa anabahatisha tu. Na tangu Juni 2022 kuna Virtual Record Treasury of Ireland, wamekusanya nakala za vilivyoungua kutoka maktaba mbalimbali duniani, pitia napo.

Twende kwenye bunduki. Kwanza ujue alikuwa wa aina gani, kuna wa kuwinda ndege na wanyama na kuna wa kulenga shabaha za masafa marefu, na ni dunia mbili tofauti japo mtu mmoja anaweza kuwa kote kote. Mwindaji alitakiwa kukata leseni kila mwaka na majina ya waliokata yalikuwa yanachapwa magazetini, na raha yenyewe zaidi ni mbwa: tangu sheria ya 1865 kila mwenye mbwa Ireland alilazimika kumlipia, na madaftari ya leseni za mbwa mengi tu yapo mpaka leo. Unakuta jina la mtu, anakokaa, aina ya mbwa, rangi, dume au jike. Kiukweli nikipewa kuchagua kati ya kesi kumi alizosimamia na ukurasa mmoja unaoonyesha alikuwa na setter wawili wekundu, mbwa wa kuwindia ndege, nachukua mbwa, maana kesi ni za wateja ila mbwa ni wake.

Wa shabaha ndo rahisi zaidi kumpata kwa sababu hawa watu walikuwa wanaandika kila risasi. Anza na Elcho Shield, shindano la timu lililoanza 1862 kati ya England na Scotland, Ireland ikaingia 1865 na kulichukua kwa mara ya kwanza 1873. Lilikuwa linapigwa Wimbledon, England, halafu 1890 National Rifle Association, chama cha shabaha cha Uingereza, wakahamia Bisley, huko huko England, kwa hiyo miaka ya kabla tafuta Wimbledon na ya baadaye Bisley, ukichanganya utasema hayupo kumbe yupo. Magazeti ya kipindi hicho yalichapa majina ya timu na pointi za kila mtu kwa kila umbali, yadi 800, 900 na 1,000.

Mfano mzuri wa utamu wa hizi rekodi ni mechi ya Creedmoor, New York, 26 Septemba 1874. Ireland walikuwa ndo wametoka kubeba Elcho, Major Arthur Leech akawatumia Wamarekani changamoto, wakaenda watu sita kwa sita, na kati ya wa Ireland alikuwepo John Rigby mtengeneza bunduki wa Dublin mwenyewe. Marekani wakashinda 934 kwa 931. Sasa sikia, pale yadi 900 J. K. Milner alipiga katikati kabisa, ila kwenye shabaha ya jirani, akapewa sifuri badala ya nne. Piga hesabu mwenyewe, ingehesabika Ireland wanachukua kwa pointi moja. Mwaka uliofuata walirudiana Dollymount, Dublin, wakapigwa tena 967 kwa 929, na safari hiyo hakuna wa kumlaumu.

Huyo Milner anakufundisha vitu viwili vya kutafutia. Kwanza jina, kuna sehemu ni Milner na sehemu nyingine Millner, kwa hiyo jina la wakili wako litafute kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria, na kwa herufi za mwanzo peke yake. Pili nchi: bwana huyo huyo, Joshua Kearney Millner, alichukua dhahabu ya yadi 1,000 Olimpiki ya 1908 pale Bisley, lakini ukimtafuta chini ya Ireland hutamkuta, yuko chini ya Uingereza kwa sababu wakati huo Ireland ilikuwa ndani ya dola hiyo. Mtu wako naye anaweza kuwa amejificha namna hiyo hiyo.

Haya, stempu. Kosa namba moja ni kuibomoa albamu. Usibandue chochote! Mpangilio wake ndo maneno yake, alianza na nini, alitumia pesa wapi, alichoka wapi. Angalia kama kakaza kwenye vitobo vya pembeni, na akiwa wa Ireland hilo lina sababu ya kuwa na fahari, mashine ya kutoboa stempu ilibuniwa na Henry Archer, mtu wa Ireland, serikali ikamlipa pauni 4,000, na stempu za Uingereza zikaanza kutoka na vitobo rasmi mwaka 1854, kabla ya hapo watu walikuwa wanakata na mkasi. Angalia pia mihuri ya posta, ya zamani ya Ireland yenye namba ina umbo la almasi, 186 ni Dublin. Ukikuta kurasa zimejaa mihuri ya mji mmoja mdogo, sana sana ndo alikotokea au ofisi yake ilikuwa huko, kwa sababu mawakili walikuwa na bahati ambayo wakusanyaji wengine waliionea wivu, maboksi ya barua za zamani yalikuwa ofisini mwao tayari.

Halafu kuna stempu ambazo sio za posta kabisa, za ada. Ireland ilikuwa na za mahakama ndogo za Petty Sessions, za kusajili hati za ardhi, na za mbwa pia, ndio mbwa tena. Mkusanyaji wa kawaida anazipita, ila wakili aliyekuwa anazibandika kila siku kazini mara nyingi anazo, kwa hiyo ukizikuta nyingi hapo una mtu wa sheria hata kama jina halijaandikwa.

Kama aliishi mpaka 1922, mwaka Ireland ilipojitenga na Uingereza, tazama alifanya nini mwaka huo. Tarehe 17 Februari stempu za mfalme George V zilitolewa zikiwa zimepigwa chapa ya serikali ya mpito kwa Kigaeli, lugha ya Ireland, juu ya uso wake, wachapaji wawili wa Dublin, Dollard na Thom, na chapa zao zinatofautiana, na tarehe 6 Desemba ikaja stempu ya kwanza ya nchi yenyewe, ya peni mbili, yenye ramani ya kisiwa kizima. Kuna wakusanyaji waliofunga albamu hapo na wengine walioanza upya. Ukurasa huo utakuambia mengi kuhusu siasa zake, japo usikimbilie kumhukumu, wengine walikuwa wanafuata makosa ya uchapaji tu.

Sasa ndo urudi kwenye sheria, ukiwa tayari una miaka na mahali. Jua kama alikuwa "barrister", wa kusimama mahakamani, au "solicitor" wa ofisini. Wa kwanza yuko King's Inns Dublin, chama chao cha mafunzo, na kwa kuwa mpaka 1885 walilazimika kwenda kusomea sehemu ya masomo yao London, pekua na vitabu vya Gray's Inn, Middle Temple na wenzao, vyama vya mawakili vya huko London. Wa pili yuko Law Society, chama cha mawakili wa ofisini, na kama alikuwa Belfast nenda PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ireland ya Kaskazini. Registry of Deeds, ofisi ya kusajili hati za ardhi iliyoanza 1708, haikuungua, na mawakili wamejaa humo kama mashahidi wa hati za watu wengine. Vizazi na vifo ni kuanzia 1864, vipo irishgenealogy.ie bure.

Mirathi iache ya mwisho. Wosia wenyewe unaweza usiwepo, ila orodha za mwaka mmoja mmoja kuanzia 1858 zimebaki, zinataja kazi yake, siku aliyokufa, nani alisimamia mali na ilikuwa pauni ngapi. Chukua jina la msimamizi wa mirathi, ukalitafute kwenye matangazo ya minada ya miezi inayofuata, kwa sababu bunduki na albamu kwa kawaida ndo vitu vya kwanza wajane kuviuza.