Soma majibu waliyokosea: jinsi ya kupanga kazi ya shule kwa matokeo ya tathmini

Ripoti ya tathmini ikishatoka, shule nyingi hufanya jambo moja tu. Wastani unaandikwa ubaoni ofisini, unapigiwa mstari, kisha walimu wanaambiwa waongeze bidii. Bidii ya kufanya nini, hakuna anayesema. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya umma huku Karagita, Naivasha, na mambo ya mitihani na mitaala yameniangukia mimi. Hapa naeleza tunavyoyafanyia kazi matokeo, tukiwa na madarasa yaliyojaa na printa moja isiyopenda siku za mvua.

Jua kwanza kilicho mkononi mwako. KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi inayofanywa Gredi ya 6, iliyoanza 2022, si KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane ambao ulifanywa mara ya mwisho 2023. Haimchagulii mtoto shule. Iliwekwa kuonyesha amefika wapi. Chini yake kuna tathmini za shuleni, SBA, ambazo KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hutupatia vifaa vyake kwenye tovuti, tunazisimamia, tunasahihisha na kupakia alama. Juu yake kuna KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari msingi katika Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025: alama ya mwisho ya mtoto inatoka asilimia 60 kwenye mtihani wenyewe, 20 kwenye KPSEA na 20 kwenye SBA za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hivyo karatasi ya Gredi ya 6 bado inamfuata mtoto. Wazazi wengi hawajalijua hilo, na nasikitika kusema hata walimu wengine.

Ripoti ya KPSEA itakuonyesha shule yako imesimama wapi, lakini watoto wenyewe wameshavuka kwenda sekondari msingi. Basi ipeleke huko. Kwetu, kama kwingi, Gredi ya 7 iko ndani ya ua uleule, hatua chache kutoka ofisini kwangu, na bado kuna shule ambazo ripoti hiyo haijawahi kuvuka uwanja kwa sababu walimu wa pande mbili hawasalimiani vizuri. Mpe mwalimu wa Hisabati wa Gredi ya 7 nakala yake kabla hajaandika maazimio ya kazi.

Kwa mpango wa shule yenyewe, tegemea zaidi karatasi za SBA za Gredi ya 4 na ya 5, pamoja na opena na endi tamu, yaani mitihani ya mwanzo na ya mwisho wa muhula. Hao watoto bado unao, na karatasi umesahihisha mwenyewe. Usikubali zifungie mandazi kantini kabla hujazichambua.

Uchambuzi wenyewe hauhitaji kompyuta. Chukua karatasi ya manila, majina ya watoto yashuke upande wa kushoto, nambari za maswali zipite juu. Katika kila kisanduku andika herufi aliyochagua mtoto. Usiweke alama ya vyema na mkasi. Hapo ndipo walimu wengi hupotea: mkasi unakuambia amekosa tu, lakini herufi inakuambia alikuwa anafikiria nini.

Tuchukue swali la aina hii la vipimo: kilomita 2 na mita 50 ni mita ngapi? A ni 250, B ni 2,050, C ni 2,500, D ni 20,050. Tuseme darasa lina watoto 60. Waliochagua A ni 14, B ni 17, C ni 26, D ni 3. Mwalimu wa haraka ataandika "vipimo: dhaifu, warudiwe", kisha afundishe vipimo upya jinsi alivyovifundisha kwanza. Tazama tena. Wale 14 wa A huenda wamezidisha 2 kwa 100 wakaongeza 50. Wamechanganya uhusiano wa kilomita na mita na ule wa mita na sentimita. Wale 26 wa C ni habari nyingine kabisa. Wanajua jibu liko kwenye maelfu. Niliwahi kumwita mmoja wa hao, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, nikamwambia anieleze alivyofanya. "Madam, kilomita ina elfu, kwa hivyo lazima zikuwe nambari nne. Nikaandika mbili, nikaandika hamsini, ikabaki nafasi moja, nikaweka sufuri."

Shida ya huyo si kilomita. Hajui thamani ya nafasi ya tarakimu, jambo la madarasa ya chini, na ukimpeleka uwanjani kupima umbali mwezi mzima bado ataandika 2,500. Wale wa A ndio wa kupeleka nje na kamba ya mita 10, wahesabu kamba ngapi kutoka lango la shule hadi barabara ya South Lake, waone kwa macho kwamba mita 100 hazikufikishi popote. Makosa mawili ndani ya swali moja, na tiba zake hazifanani.

Ukisoma herufi, kumbuka na bahati. Swali lenye machaguo manne, darasa lote likibahatisha, karibu robo watapata. Kwa hivyo asilimia 28 hapo juu, yaani 17 kati ya 60, haimaanishi kwamba robo ya darasa wanaelewa. Yawezekana wanaoelewa ni wachache sana. Majibu ya kukosea yakitawanyika sawasawa kwenye herufi zote, watoto wanabahatisha, huenda hawakufundishwa. Yakirundikana kwenye herufi moja, kuna fikra potofu wanayoshiriki, na mara nyingine, tuambiane ukweli, imetoka ubaoni kwetu sisi walimu.

Wastani nao uuchunguze kabla ya kuusherehekea. Katika darasa hilohilo la 60, watoto 6 wakipanda alama 20 kila mmoja, wastani unapanda alama 2. Mwalimu mkuu anapongezwa, na wale 54 hawajasogea. Ndiyo maana sisi huhesabu watu. Wangapi wako mbali na matarajio, wangapi wanakaribia, wangapi wamefikia, wangapi wamezidisha, na ni akina nani waliohama kutoka kiwango kimoja hadi kingine tangu muhula uliopita.

Kabla ya kulaumu somo lolote, fanya kipimo kimoja cha bei rahisi. Karatasi ya Hisabati iko kwa Kiingereza. Chagua watoto wachache waliokosa swali la maneno, uwakalishe mmoja mmoja. Kwanza asome swali mwenyewe kwa sauti na alijibu. Akikosa, msomee wewe. Akikosa tena, mwelezee kwa Kiswahili, ukibakiza nambari zilezile. Anayepata baada ya kusomewa ana shida ya kusoma. Anayepata baada ya Kiswahili anajua hesabu, lugha ndiyo iliyomziba. Anayekosa mara zote tatu ndiye mgonjwa wa hesabu. Karagita watu wametoka Busia, Kisii, Kitui na kwingineko kufuata kazi ya maua, nyumbani na njiani ni Kiswahili na Sheng, na kila tukifanya kipimo hiki tunapata kwamba sehemu kubwa ya "udhaifu wa Hisabati" ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Yeye hafurahi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kisha fungua rejista. Hapa kwetu wiki za kuelekea Siku ya Wapendanao pakihausi, yaani maghala ya kupakia maua, hazilali. Mama anafanya ovataimu, na mtoto wa Gredi ya 5 anabaki nyumbani na mdogo wake. Mada iliyofundishwa mwanzoni mwa Februari itaonekana dhaifu kila mwaka, na hakuna semina ya walimu itakayoitibu. Dawa yake ni kusogeza mada ngumu mbele au nyuma ya wiki hizo. Sisi husogeza. Ukiwa Ahero utazame msimu wa kufukuza ndege kwenye mpunga. Ukiwa Mumias, msimu wa miwa. Kila sehemu ina Februari yake. Angalia pia aliyehamia juzi. Mtoto aliyeletwa Mei kutoka kaunti nyingine asihesabiwe kuwa ushahidi wa mafunzo yako ya Gredi ya 4, ila naye anahitaji kusaidiwa kama wengine. Sisi humwekea kinyota kando ya jina.

Neno moja kuhusu SBA, na sitalizungusha. Kwa kuwa alama zake zinahesabika, zipo shule zinazozipika. Ukiona darasa lote limefikia matarajio katika SBA, kisha KPSEA ikaonyesha nusu wako chini, usipoteze jioni kutafuta maelezo ya kitaalamu. Takwimu zilizopikwa hazipangi kitu. Mwalimu akiogopa kwamba alama za chini zitatumiwa kumkaripia kwenye kikao, ataleta za juu, kwa hivyo kazi ya ofisi ni kuhakikisha haogopi. Sisi tulikubaliana kwamba karatasi ya manila ikiwa ukutani, jina la mwalimu halitajwi, linatajwa swali.

Sasa uchague. Hapa ndipo mipango mingi hufa, kwa sababu inaandikwa ili kumridhisha afisa anayezuru, ikiwa na malengo kumi na moja, na kufikia wiki ya tatu hakuna anayekumbuka hata matatu. Sisi huchagua mambo mawili kwa muhula, mara nyingine moja. Liwe linawagusa watoto wengi, liwe msingi wa mambo mengine, na tuwe na uwezo wa kulifanya kwa watu na vifaa tulivyo navyo. Thamani ya nafasi inatimiza masharti hayo yote matatu: inabeba vipimo, desimali, fedha, hata kusoma jedwali katika Sayansi.

Muda ni mgumu kupata kuliko pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, na mafunzo darasani yako kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa u nusu. Usipange "remedio" ya alfajiri au ya kulipiwa. Toa muda ndani ya ratiba. Gredi ya 4 hadi ya 6 ina vipindi 5 vya Hisabati kwa wiki, dakika 35 kila kimoja. Ukichukua dakika 10 za mwanzo za kila kipindi kwa wiki 6, umepata saa 5 kamili bila kumwibia mtu. Mpango wetu wa mwisho ulikuwa na aya moja tu, nao ulisema takribani hivi:

"Gredi ya 5, wiki ya 4 hadi ya 9. Thamani ya nafasi hadi maelfu. Dakika 10 za kwanza za kila kipindi cha Hisabati. Vifaa: vifuniko vya soda, vijiti vya kufungwa kumi kumi, kadi za tarakimu. Mwalimu wa Gredi ya 3 aonyeshe somo la kwanza, wengine watazame. Wiki ya 10: maswali 8 mapya, yasiyofanana na yale ya opena. Anayesimamia: mwalimu wa Hisabati, anayeuliza kila Ijumaa: naibu."

Hilo la mwalimu wa Gredi ya 3 lilizua minong'ono. Wa madarasa ya juu hawapendi kufundishwa na wa chini. Lakini ndiye anayefundisha jambo hilo kila mwaka na anajua watoto hukwama wapi. Vifaa havikutugharimu karibu chochote, na ni vizuri hivyo, kwa sababu mgao wa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka una mengi ya kuubana kabla haujafika kwenye kadi.

Maswali ya wiki ya 10 lazima yawe mapya. Ukirudia swali la kilomita 2 na mita 50 utapima kumbukumbu. Uliza shilingi 3,040 kwa maneno, uliza gramu katika kilo 4 na gramu 5, utazame kama sufuri inakaa mahali pake. Jaza manila nyingine kwa herufi na majibu yao, uibandike kando ya ile ya kwanza. Waliobaki kwenye kosa lilelile ni wachache sasa, na hao sisi huwagawa kwa vikundi vidogo. Mara nyingi mmoja wao ni wa kupelekwa kupimwa macho au masikio, jambo ambalo huwa tunalikumbuka kwa kuchelewa.

Kwenye mkutano wa wazazi swali litakuwa "amekuwa namba ngapi?" Usijibu kwa namba, na usimwambie mzazi kwamba swali lake ni la kizamani. Mwonyeshe karatasi ya mtoto wake: "Mama, hili analiweza. Hapa anakwama, sufuri akiiona katikati anachanganyikiwa. Ukimtuma dukani, mwache ahesabu chenji mwenyewe." Mzazi anayetoka shambani jioni atalifanya hilo. Bodi ya usimamizi nayo iletee ukurasa mmoja: tulichokiona, tunachofanya, tutajua lini, tunahitaji nini kwao.

Mwisho wa muhula, funga manila zote mbili na ile aya kwenye faili moja, uandike juu ya jalada gredi na mwaka, uiweke kwenye kabati la ofisi. Isibaki kwenye simu ya mwalimu. TSC, tume inayoajiri walimu, ikimhamisha Desemba, anayekuja Januari ataikuta.