Magoti yanauma ukipiga pedeli? Usikimbilie kununua kranki

Wengi wakiumwa magoti huilaumu kranki, yaani mikono ya baiskeli inayobeba pedeli, na mara nyingi kosa liko kwenye kiti. Anzia huko, kwani hakugharimu kitu.

1. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Goti likibaki limekunjika, kiti kiko chini mno, na hapo huuma mbele ya goti. Kisigino kisipofika, kiti kiko juu, na huuma nyuma yake. Sogeza milimita 5 tu kwa wakati, kisha endesha siku kadhaa kabla ya kukigusa tena. Goti lililovimba ni kazi ya daktari, si ya spana.

2. Shika mikono yote miwili ya kranki, uitikise kuelekea fremu na kurudi. Ikicheza yote pamoja, shida ni beringi za ekseli inayounganisha mikono hiyo. Ukicheza mmoja peke yake, huo umelegea. Ukaze kabla hujapanda tena: mkono wa alumini ukiendeshwa hivyo, tundu lake hutanuka, na hapo hata uukaze vipi hautashika.

3. Wayo unayumba kila mzunguko? Kuna kilichopinda. Funga pedeli nyingine. Ukiendelea kuyumba, basi ni kranki. Pedeli ya kushoto, kumbuka, hufunguka kwa kuzungusha spana kufuata mshale wa saa. Wasiojua hilo huua meno ya tundu ambamo pedeli hufungwa kwenye kranki.

4. Urefu sasa. Namba hugongwa upande wa ndani, karibu na pedeli: 165, 170, 172.5 au 175, zote milimita. Ikiwa imefutika, pima toka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedeli. Kranki ndefu mno hujionyesha pedeli ikiwa juu: paja linabana tumbo, nyonga inachoma kwa mbele, na unajikuta unayumbisha kiuno ili goti lipite.

5. Ukitoka 175 kwenda 170, pandisha kiti milimita 5. Pedeli ikiwa juu sasa iko chini kwa milimita 5, nawe umepanda 5, hivyo goti limepata nafasi ya milimita 10. Mlimani utaona pedeli imekuwa nzito kidogo. Weka gia nyepesi na uzungushe haraka zaidi.