Jinsi ya kusoma kisa cha Lea na Raheli pamoja na marabi

Kwetu tuko wasichana wawili, mimi mdogo. Kwa hiyo Mwanzo 29 na 30 niliisoma miaka mingi nikimtetea Raheli tu. Marabi, waalimu wa Kiyahudi, ndio walionitoa huko. Ukitaka kujaribu, fanya hivi.

Soma kwanza sura zote mbili kwa sauti, bila maelezo ya mtu. Kila panapokukera, weka alama kwa kalamu. Alama yangu ya kwanza ilikaa kwenye macho dhaifu ya Lea. Nilidhani anasemwa sura.

Ndipo umfungue Rashi, mfafanuzi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), anayekwenda mstari kwa mstari. Macho hayo, asema, yaliharibiwa na kilio. Watu walikuwa wakisema Rebeka ana wana wawili, Esau na Yakobo, na kaka yake Labani ana binti wawili, Lea na Raheli: mkubwa kwa mkubwa, mdogo kwa mdogo. Yaani Lea alishagawiwa Esau.

Usiku wa harusi usiupite mbio. Yakobo alimtaka Raheli; asubuhi, kumbe ni Lea! Usiku kucha Yakobo hakumjua? Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale (Megila 13b), inajibu: Yakobo na Raheli, kwa kumjua Labani, walikuwa wamepeana ishara za siri. Raheli alipoona dada yake anaingizwa, akasema, "Sasa dada yangu ataaibika," akampa zile ishara. Hapa mimi huweka kitabu chini kwanza.

Ukifika 30:1, Raheli anamwonea dada yake wivu, usimhukumu haraka. Rashi anasema aliyaonea wivu matendo mema ya Lea, yaliyompatia watoto. Mimi hapo simkubali sana. Katika mstari huohuo Raheli anataka wana au afe, na hiyo si sauti ya mtu anayehesabu thawabu za mwenzake.

Kwenye shukrani za Lea (29:35), chukua daftari ufanye hesabu. Yakobo atakuwa na wake wanne, Lea, Raheli na vijakazi wao wawili, na atapata wana kumi na wawili, kwa hiyo fungu la kila mmoja ni watatu. Lea anapomzaa Yuda, wa nne, anashukuru kwa kuwa amepata zaidi ya fungu lake. Talmudi (Berakhoti 7b) inamhesabu kuwa mtu wa kwanza kumshukuru Mungu tangu uumbaji.

Endelea na hesabu hiyohiyo. Lea ana wana sita, vijakazi wana wawili kila mmoja, na sasa Lea ana mimba ya saba. Akizaa wa kiume, Raheli atabaki na mmoja, chini hata ya vijakazi. Berakhoti 60a inasimulia kwamba Lea alijihukumu mwenyewe kwa ajili ya dada yake, na aliyekuwa tumboni akageuka msichana: Dina.

Sasa rudi nyuma kwenye tunguja (30:14–15), matunda aliyoyaleta mwana wa Lea na Raheli akayaomba. Lea anafoka kwamba amenyang'anywa mume. Je, amesahau zile ishara? Wapo waalimu wanaosema hakuwahi kujua kuwa ni ishara. Raheli alimfundisha bila kumwambia. Sforno, mfafanuzi mwingine, yeye anamlaumu Raheli kwa kukubali kuwa mke mwenza wa dada yake.

Sehemu hii isomeni wawili, mkubwa awe Lea. Mimi nilisoma na dada yangu kwa simu. Alipofika "na tunguja za mwanangu pia," akanyamaza, kisha: "Mdogo wangu, na ile baiskeli ya mwanangu utairudisha lini?"