Mswaki wa mbwa: uchague upi na umswakishe vipi bila kugombana naye

Ukipita Forest, Uyole au Iyunga hapa Mbeya jioni kila geti utasikia mbwa, na wengi wao wanatunzwa vizuri tu, ugali wa dona na dagaa wanapata, dawa ya kupe wanaogeshwa, chanjo wanachomwa, ila mdomoni hakuna mtu anaangalia. Mbwa akinuka mdomo tunasema si ndo mbwa alivyo. Hapana jamani. Mbwa mwenye afya mdomo wake una harufu ya mbwa, sawa, ila hautakiwi kunuka mpaka ugeuze uso, ukiona imefika hapo ujue bakteria wameshajaa pale jino linapokutana na fizi na mbwa wako huenda anaumwa na anakula hivyo hivyo kwa sababu njaa haina subira.

Mbwa mzima ana meno 42, sisi tuna 32. Meno yake hayatoboki ovyo kama yetu maana mate yake hayana uchachu kama ya kwetu, ila mate hayo hayo ndo yanagandisha ugaga haraka. Inakuwa hivi, akishakula, ndani ya masaa machache tu utando laini unajipaka kwenye meno, huo ukiugusa na mswaki unatoka. Ukiuacha siku mbili tatu madini ya kwenye mate yanaushika unakuwa mgumu wa njano au kahawia, huo ndo ugaga, kama ile chokaa ya ndani ya birika, na hapo mswaki hauna kazi tena. Alafu ugaga unaisukuma fizi, fizi inavimba, inaachia jino, uchafu unashuka chini kwenye mzizi. Ndo maana nasema kila siku, ikikushinda basi siku moja ndio moja hapana, lakini ile ya kumswakisha Jumapili kwa Jumapili haisaidii kitu, maana utando wa Jumatatu unakuwa umeshaganda Alhamisi.

Sasa mswaki. Watu wengi wanakwama hapa wakidhani mpaka upate ule wa mbwa wa kuagiza Dar. Sio lazima. Mswaki wa mtoto wa kwenye maduka ya Mwanjelwa au Kabwe, au Miyomboni kwa watu wa Iringa, unafanya kazi kabisa ukiuchagua vizuri. Angalia mambo matatu, ulaini, ukubwa wa kichwa na urefu wa mpini.

Ulaini kwanza. Chukua ule ulioandikwa soft au extra soft, huo wa midiamu muachie aliyeuzoea. Na usiamini maandishi peke yake, ukifika nyumbani chukua zile nywele za mswaki uzisugue kwenye kidole chako pale ukucha unapoanzia, pale penye nyama laini. Ukisikia inachoma, basi hiyo hiyo ndo atakayoisikia mbwa kwenye fizi, na mbwa akishaumia mara ya kwanza una kazi ya kumbembeleza tena upya.

Kichwa cha mswaki kifunike jino moja mpaka mawili tu, kisizidi hapo. Kwa mbwa wa kienyeji wa kawaida mswaki wa mtoto mdogo unatosha. Kwa Jemani Shepadi au Rottweiler unaweza kutumia mswaki laini wa mtu mzima wenye kichwa kidogo, hapo mpini mrefu ndo wa maana zaidi kwa sababu magego yake yako mbali na hutaki kuingiza mkono wote. Vile vijibwa vidogo vya manyoya mengi tafuta mswaki wa kichanga, na tafadhali wenye vijibwa hivi mjitahidi kuliko wote, mdomo ni mdogo, meno yamebanana, ugaga unajificha katikati na fizi zao zinaharibika mapema sana.

Kuna mswaki wa kuvaa kidoleni, wa silikoni, maduka ya dawa za mifugo mengine wanao. Mi naupenda kwa kuanzia tu, kwa mtoto wa mbwa au mbwa muoga, maana anakiona ni kidole cha mwenyewe. Ila hausafishi vizuri pale chini ya fizi kama nywele za kawaida, na kidole chako kiko katikati ya meno, kwa mbwa ambaye hujamzoea vizuri achana nao. Ukiona ule wenye vichwa viwili, kimoja kikubwa huku na kidogo kule, na shingo imepinda kidogo, huo ni mzuri, unafika nyuma bila kulazimisha. Mswaki wa umeme unapiga kelele na kutetemeka, mbwa wengi wanaukimbia.

Dawa ya meno, hapa naomba tuelewane. Dawa yako wewe, yoyote ile, USIMPE mbwa. Mbwa hatemi, anameza yote, na dawa zetu nyingi zina floraidi na povu ambavyo havikutengenezwa kumezwa. Kubwa zaidi kuna zile zenye sukari mbadala, kwenye boksi imeandikwa xylitol, hiyo kwa mbwa ni sumu, inashusha sukari kwenye damu ghafla, anaanza kulegea, anayumba, anaweza kudondoka na degedege, na ini linaweza kufa. Ipo pia kwenye bigijii za kutangazwa hazina sukari na baadhi ya siagi ya karanga, kwa hiyo soma kabla hujampakia mbwa kitu mdomoni. Chumvi, magadi, majivu, mkaa wa kusaga, vyote weka pembeni. Majivu na mkaa vinakwaruza jino, chumvi na magadi anaishia kuvimeza.

Dawa ya mbwa ipo, ina ladha ya kuku au nyama, haina povu na akimeza haina shida. Ukiona kwenye boksi alama ya VOHC, hilo ni baraza la Marekani linalopitia bidhaa za meno ya mbwa na paka, inamaanisha wamekagua ushahidi kwamba kweli inapunguza utando au ugaga. Ukikosa kabisa, maji ya uvuguvugu yanatosha, kazi kubwa inafanywa na mswaki kusugua, dawa ni ya kusaidia na kumvutia tu. Mi nachovya mswaki kwenye mchuzi wa dagaa wa Kyela waliochemshwa maji matupu, bila chumvi na bila kitunguu maana kitunguu nacho kinamdhuru mbwa, na hapo mbwa anakuja mwenyewe. Na kwa baridi yetu hii ya Juni mpaka Agosti, wa Mafinga na Njombe mnanielewa, usimswakishe na maji yaliyotoka bombani saa hiyo, fizi ikiwa na kidonda yale maji yanamchoma.

Kabla hujapeleka mkono mdomoni kuna kitu kimoja cha usalama. Mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na ukiona ghafla mate yanamtoka, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, au tabia imegeuka, usimfungue mdomo ukidhani ana mfupa umekwama kooni. Kichaa cha mbwa kuna wakati kinaanza hivyo hivyo, kimya kimya, na watu wanaumia wakiwa wanatafuta mfupa. Mfungie mahali, piga simu kwa daktari wa mifugo. Kama ameshakung'ata au mate yake yameingia kwenye kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano, usisubiri kuona mbwa anaendeleaje.

Haya, kumswakisha. Siku za mwanzo sahau mswaki. Jioni akishakula na kabla hujamfungulia kuanza lindo, kaa kwenye kigoda, mbwa mkubwa akae kati ya miguu yako akiwa ametazama mbele, mgongo wake uegemee kwako, usimsimamie mbele ukamkodolea macho maana mbwa anaona unamtisha. Mshike shike shavu, nyanyua mdomo wa juu pembeni sekunde mbili, achia, mpe kipande cha nyama. Siku zinazofuata pitisha kidole kwenye meno ya nje, kidole ulichochovya kwenye ule mchuzi, achia, mpe nyama. Akishazoea hapo ndo unaleta mswaki, na siku ya kwanza mwache aunuse na aulambe tu. Kuna mbwa anakubali ndani ya siku chache, kuna mwingine wiki kadhaa, mbwa wa lindo ambaye hajazoea kushikwa kichwa anachukua mda, mpe huo mda. Kazi hii aifanye anayemlisha, na watoto wasiachiwe peke yao.

Kitu ambacho watu wanakosea ni kumpanua mdomo. Hupanui! Mdomo unabaki umefungwa, meno yamekutana, wewe unanyanyua shavu tu kwa mkono mmoja na kuingiza mswaki kati ya shavu na meno. Upande wa ndani ulimi unasaidia kusafisha, ugaga mwingi unakaa nje. Anza na chonge, lile jino refu la mbele, mbwa wengi wanavumilia hapo, alafu rudi nyuma taratibu mpaka ulifikie lile jino kubwa la juu lililo chini ya jicho. Hilo ndo jino la kuliangalia kuliko yote. Mrija wa mate unafungukia karibu yake, kwa hiyo ugaga unaanzia hapo. Nyanyua shavu mahali penye mwanga na uangalie vizuri, kama ugaga umeshaanza utaona jino jeupe kwa chini, na juu karibu na fizi kuna mstari wa kahawia, na pembeni ya mstari fizi ina rangi nyekundu badala ya pinki. Mbwa wenye fizi nyeusi, na wetu wengi wanazo, rangi haitakuonyesha, angalia kama ukingo umevimba na unang'aa.

Mswaki ulaze kidogo, nyuzi 45 hivi, nusu ya nywele ziwe kwenye jino na nusu ziguse ukingo wa fizi, zungusha viduara vidogo vidogo bila kukandamiza. Sekunde 30 upande mmoja, 30 upande mwingine, basi. Akianza kukataa usimkabe, rudi pale alipokuwa anakubali, maliza hapo, mpe zawadi yake, kesho mtaendelea. Siku za kwanza unaweza kuona damu kidogo kwenye mswaki kama fizi ilishavimba, endelea kwa upole na itapungua, isipopungua mpeleke kwa daktari. Watoto wa mbwa kati ya miezi minne na sita wanabadilisha meno, fizi zinawauma, kipindi hicho cheza nao midomo tu na usisugue.

Kila mbwa na mswaki wake. Suuza, kung'uta, uweke usimame sehemu kavu, mbali na miswaki ya familia. Nywele zikitawanyika tupa, na hata zisipotawanyika miezi mitatu inatosha.

Mifupa nayo niseme maana wengi wanaitegemea. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unachana koo na utumbo. Na lile fupa la kongoro lililobaki kwenye sufuria ni gumu mno, linavunja lile lile jino kubwa la juu tunalohangaika kulitunza. Kipimo rahisi, kigonge hicho kitu kwenye goti lako, ukiumia basi ni kigumu mno kwa meno yake.

Ukikuta ugaga umeshakuwa mgumu usichukue kisu wala bisibisi kuukwangua, utaacha mikwaruzo ambayo uchafu utaishika zaidi, na ule wa chini ya fizi, ambao ndo unaoharibu, hutaufikia. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Usichelewe kabisa ukiona uvimbe chini ya jicho, anatafuna upande mmoja, anadondosha ugali, au anajikuna mdomo kwa mguu, uvimbe chini ya jicho mara nyingi ni usaha wa mzizi wa jino na sio kwamba amepigwa. Muulize daktari kama ana vifaa vya kusafisha chini ya fizi na nani atakuwa anaangalia upumuaji wake akiwa amelala. Kama hana, akuelekeze hospitali ya wanyama iliyo na uwezo huo, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wanayo. Akishasafishwa muulize siku ya kuanza tena mswaki, na siku hiyo ikifika anza kweli, kwa sababu utando unarudi ndani ya masaa hata kwenye jino lililotoka kusafishwa.