Somo: Kumtunza mbwa wa ulinzi Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza

Wafugaji wengi wa mbwa Mbeya, Iringa na Njombe huhofia zaidi baridi ya Juni na Julai, ile inayoleta sakitu Makete na Kitulo, lakini baridi hiyo ina nafuu moja, kwamba inajulikana inakuja. Kipindi kigumu zaidi ni hiki kinachoanza Septemba, ambapo alfajiri inaweza kuwa chini ya nyuzi 15, mchana ukapita 25, alasiri upepo ukainua vumbi, na kufikia Novemba ngurumo na mvua ya mawe zikashuka siku ambayo asubuhi yake ilikuwa na jua safi.

Desturi yetu humwongezea mbwa taabu, kwa sababu tunamfungia bandani mchana na kumfungua usiku alinde. Anakaa chini ya bati wakati wa jua kali, kisha anatolewa nje saa ambazo ardhi imekwisha kupoa. Sisemi desturi hiyo iachwe, maana wezi wapo. Nasema banda na ratiba vipangwe kwa kuijua.

Hatua ya 1: Rekebisha banda

Anza hapa, hata kama fedha uliyo nayo inatosha jambo moja tu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema hakumsaidii ndani ya kiboksi cha bati kisichopitisha hewa. Upande mmoja wa banda uwe wa wavu au mbao zilizoachana, na chini ya bati utandaze mbao au tabaka nene la nyasi, kwani bati tupu huchoma mchana na usiku hudondosha matone ya umande. Bati likiwa chini ya kivuli cha mti, ni bora zaidi.

Sakafu ipande juu ya ardhi angalau nusu futi ili maji ya mvua ya kwanza yapite chini yake. Kabla ya kuamua mlango utazame wapi, angalia vumbi linatuama ukuta gani wa nyumba, kisha uugeuzie mlango mbali na upepo huo. Ndani ya banda tenga kona ya kulala iliyozibwa pande tatu, yenye nafasi ya mbwa kujizungusha na kujikunja tu, kwa kuwa joto linaloipasha kona hiyo ni la mwili wake mwenyewe. Kwa matandiko, wakazi wa Mafinga na Mufindi wana bahati ya maranda kutoka viwanda vya mbao. Chagua yale makubwa, kwani unga wa mbao humwasha pua na macho. Kwingineko nyasi kavu zinatosha, mradi zibadilishwe kila zinapolowa. Usiku mlango wa banda ubaki wazi ili arudi kujikinga mwenyewe.

Hatua ya 2: Panga saa

Mtembeze kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka maji mahali asipoweza kuyamwaga, na uyabadilishe mchana, kwa sababu maji yaliyopigwa na jua huyaacha. Chakula kikuu, iwe ugali na dagaa au makombo yasiyo na kitunguu, apewe jioni kabla ya kufunguliwa.

Hatua ya 3: Mkaushe

Akilowa, mfute kwa gunia safi au taulo kuukuu, ukianzia tumboni na katikati ya vidole.

Hatua ya 4: Shughulikia kupe na banda kwa pamoja

Watu hupoteza fedha nyingi hapa. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi nyasini peke yake. Jike akishashiba damu hujiangusha, akajipenyeza kwenye ufa wa ukuta au mbao na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa dawa na kuliacha banda, baada ya wiki chache kupe ni wale wale. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, na upulize dawa bandani mbwa akiwa nje, naye asirudi hadi pakauke.

Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota. Usimpake mbwa oili chafu wala mafuta ya taa. Huunguza ngozi, naye huyalamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipimwe kwa macho. Muulize ofisa mifugo wa kata kipimo cha mbwa. Na ikiwa nyumbani kuna paka, fahamu kuwa dawa zenye permethrin, ambazo mbwa huzistahimili, humuua paka.

Hatua ya 5: Radi

Wingu likianza kunguruma, mwingize ndani hata kama ni usiku wa zamu yake. Asifungwe mnyororo karibu na ua, kwa sababu mbwa aliyeshtuka huruka ukuta na kujinyonga.

Maswali ya wanakikundi

Mwanachama, Uyole: Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu analala stoo na asubuhi anatetemeka. Naweza kumwekea jiko la mkaa?

Jibu: Marahaba. Hapana. Moshi usioonekana wa mkaa huua mbwa kama unavyoua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Mwongezee maranda, na umwinue kutoka kwenye saruji.

Mwanachama, Tukuyu: Kwetu Rungwe mvua haingoji Novemba. Tufuate hatua zipi?

Jibu: Ya kwanza na ya tatu ziwe za mwaka mzima. Zaidi ya hayo, mzuie asinywe maji ya madimbwi, kwani mkojo wa panya huyatia vimelea vya homa ya mgunda, ambayo humpata mbwa na binadamu pia.

Mwanachama, Mafinga: Kamwene. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbwa wangu anakula kumbikumbi hadi anatapika. Je, wana sumu?

Jibu: Kamwene. Hawana, amevimbiwa tu. Hatari ya msimu huo ni vitu viwili: mbegu za mahindi zilizotiwa dawa, na sumu ya panya. Vifungie vyote viwili kabatini, na ukiona amevila, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti yake.

Mwanachama, Mbalizi: Radi ikipiga, mbwa hujificha gizani akitoa mate. Jirani anasema ni kichaa. Nitajuaje?

Jibu: Hofu ya radi huisha mvua ikikatika, naye hurudi kula na kunywa kama kawaida. Mbwa anayeendelea kutoa mate siku yenye anga safi, anayeshindwa kumeza, au aliyebadilika sauti na tabia, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali salama na umwite ofisa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama mbwa wako mzima hana chanjo, ulizia zoezi la chanjo katani kwako karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kadi yake uitunze.