Kabla ya kupanda mkuyu kwenye kiwanja kikubwa Nairobi

Hakikisha kwanza ni mkuyu kweli. Mbegu zinazouzwa mtandaoni kwa jina la sikamori huweza kuwa za miti ya Marekani au Ulaya isiyo na undugu na huu wetu, Ficus sycomorus. Hata kwenye vitalu vya kando ya barabara huchanganywa na mugumo, mti mwingine wa jamii hiyohiyo. Papasa jani: la mkuyu ni pana na linakwaruza kama msasa, la mugumo ni laini. Kwenye mti mkubwa, gome la mkuyu ni la manjano yenye kijani na hubambuka vipande vyembamba, na makuyu, yaani matunda yake, huota kwa vichala kwenye shina na matawi manene.

Linalowaponza wengi ni mahali. Mche wa kimo cha goti hauonyeshi kwamba utafika mita 20 na kutanda karibu upana huohuo. Chukua kamba, pima mita 15 kutoka ukuta wa nyumba, shimo la maji taka, tangi la chini ya ardhi na mabomba, kisha uchomeke kijiti. Mkuyu ni mti wa kando ya mito, na mizizi yake hufuata unyevu. Kiungo cha bomba kinachovuja kidogo tu kinatosha kuialika ndani. Kwa udongo mwekundu wa Karen au Lavington kipimo hicho kinafaa. Kwa udongo mweusi wa Embakasi au Syokimau, sogea hadi mita 25. Udongo huo huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mti mkubwa unaponyonya maji yaliyo chini ya msingi, udongo husinyaa zaidi na ukuta hupasuka. Palipo na mteremko, chagua upande wa bondeni.

Tazama juu pia, kama kuna nyaya za umeme. Na usiupande kwenye maegesho. Mkuyu huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Makuyu huanguka na kupondeka, ninga hula mchana, popo huja usiku, na asubuhi gari limejaa madoa. Penye viti vya wageni, weka changarawe badala ya vigae. Nyasi nazo hazitadumu chini ya kivuli kizito, kwa hiyo usizigharimie.

Miti miwili ipishane mita 20. Kwa ekari moja, mitatu au minne inatosha.

Mche mzuri una kimo cha sentimita 40 hadi 60. Chana mfuko uangalie mizizi: ikiwa imejizungusha chini kama kamba ya kisima, uache, kwa sababu itaendelea kujinyonga hata ardhini na mti utakuja kung'oka kwa upepo. Vipando vya matawi hushika pia. Kata tawi nene kama mpini wa jembe, liache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha zika theluthi yake. Vaa glavu, maana utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na lichimbwe Machi, kabla ya masika. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Panda Aprili, ardhi ikishalowa kina cha mkono hadi kiwiko. Mvua za Oktoba zinafaa pia, lakini joto la Januari na Februari huukuta mche bado mchanga. Wa Aprili huingia Juni na baridi yake, ambapo maji hayapotei haraka. Kwenye udongo mweusi inua tuta la sentimita 20 ili maji yasituame shinani.

Andaa mapema matandazo, yakae kiganja kimoja mbali na shina, pamoja na uzio wa kuzuia mbuzi na lita 20 za maji mara mbili kwa wiki kiangazi chote cha kwanza. Mche ukitoa vilele viwili vinavyoshindana, kata kimoja mapema, kingali chembamba kama penseli. Ukikiacha, hapo vilele vinapoachana ndipo mti utakapopasuka ukishakuwa mkubwa, pengine juu ya watu waliokaa kivulini.