Polima: jinsi ya kuitambua na kuiandika bila kukosea

Ukitaka kujua kama dutu ni polima, yaani dutu yenye molekuli za minyororo mirefu ya vipande vinavyojirudia, usianze na ukubwa wa molekuli. Uliza kama kuna kipande kinachojirudia mfululizo. Molekuli ya mafuta ya nazi ina atomu zaidi ya 100, lakini si polima: ni gliseroli moja iliyoungana na asidi za mafuta tatu, basi, mnyororo hauendelei. Pamba, sufu, wanga na polithini ni polima.

Hatua ya pili ni kuitafuta monoma, yaani molekuli ndogo iliyoingia kwenye muungano. Monoma mbili zikishikana, hiyo huitwa dima (kwa Kiingereza dimer), kama NO₂ ya rangi ya kahawia inavyoungana kuwa N₂O₄ isiyo na rangi. Zikiwa chache, sema oligoma.

Kisha angalia zimeunganaje, maana hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Katika upolimishaji wa kujumlisha, hakuna kinachopotea. Bondi maradufu ya ethilini, C₂H₄, hufunguka na kuwa –(CH₂–CH₂)ₙ–, yaani polithini; n ni idadi ya vipande kwenye mnyororo. Ukiiacha bondi hiyo ndani ya mabano umekosea, kwa sababu ndiyo iliyotumika kushikanisha majirani.

Upolimishaji wa kondensheni hutoa molekuli ndogo, mara nyingi maji. Glukosi ina masi 180; kila inapoungana na nyenzake, maji yenye masi 18 hutoka, hivyo kipande cha wanga ni C₆H₁₀O₅, masi 162. Mnyororo wa wanga wenye masi 324,000 una vipande 324,000 ÷ 162 = 2,000. Anayegawa kwa 180 hupata 1,800, na jibu linaonekana safi kabisa, ndiyo maana kosa hili halishtukiwi.

Hiyo n si namba moja kwa sampuli nzima. Minyororo mingine mirefu, mingine mifupi, kwa hiyo masi ya polima hutajwa kama wastani.

Polima na plastiki pia si kitu kimoja. Bomba la PVC lina polivinili kloridi pamoja na viongezi: vya kuzuia isiharibiwe na joto, rangi, mara nyingi na unga wa mawe ya chokaa. Kwenye ripoti ya maabara andika "polivinili kloridi" unapozungumzia mnyororo, na "plastiki ya PVC" unapozungumzia kitu ulichokipima kwenye mizani.